Epijenetiki kwa Anayeanza: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha baiolojia katika shule moja ya upili hapa Eastlands, Nairobi. Somo la jenetiki tunalifikia kidato cha nne, na kila mwaka tukimaliza kromosomu kuna mkono unaoinuka nyuma ya darasa: "Mwalimu, kama seli zote zina DNA moja, mbona jicho halioti kucha?" Silabasi haina jibu la swali hilo. Maswali mengine huletwa na wazazi siku ya kuzungumzia matokeo, na mengine hunifikia kwa simu usiku, mara nyingi kutoka kwa mtu aliyetoka kliniki au aliyetumiwa tangazo la dawa. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana.

Epijenetiki ni nini?

Ni elimu ya namna mwili unavyoamua jeni ipi (kipande cha DNA chenye maelekezo ya kazi fulani) isomwe na ipi inyamaze, bila kugusa maandishi ya jeni yenyewe.

Kuna fundi cherehani karibu na ninapoishi. Ana daftari nene la mitindo yote: sare za shule, suti, gauni za harusi, kanzu. Tuseme vijana wake wanne wamepewa kila mmoja nakala ya daftari hilo, ukurasa kwa ukurasa. Anayeshona sare amebana kurasa za suti na gauni kwa vibanio vya kuanikia nguo, zisimpotezee muda. Anayeshona gauni amebana za sare. Hakuna aliyechana ukurasa wowote. Ukiondoa vibanio vya yule wa sare, utaikuta suti bado imo mle ndani, kipimo kwa kipimo.

Ukitoa chembe nyekundu za damu, ambazo hupoteza kiini zinapokomaa, karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46 na jeni kama 20,000 za kutengenezea protini. Seli ya ini imebana kurasa za jicho, na ya jicho imebana za ini. Epijenetiki ni habari za vibanio.

Hivyo vibanio ni kitu halisi au ni mfano tu?

Ni kitu halisi, kemikali unayoweza kuipima. Viko vya aina kadhaa, nami hufundisha viwili.

Cha kwanza ni methili: atomu moja ya kaboni na tatu za haidrojeni, basi. Hubandikwa juu ya herufi C ya DNA, mojawapo ya kemikali nne (A, C, G na T) zinazoiandika, hasa pale C inapofuatwa na G. Methili zikijaa mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo hunyamaza.

Cha pili kinahusu namna DNA inavyokunjwa. Ukiinyoosha DNA ya seli moja utapata karibu mita 2, nayo imekaa ndani ya kiini usichoweza kukiona kwa macho. Inawezekana kwa sababu imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye rili, herufi kama 147 kwa kila rili. Rili zikisongamana, mashine za kusomea jeni hazipati pa kupita. Zikilegea, jeni inasomeka. Seli hulegeza sehemu fulani kwa kubandika kemikali iitwayo asetili kwenye mikia ya histoni, na hukaza sehemu nyingine kwa kuiondoa.

Jambo ambalo wanafunzi wangu hulikosa kwenye mtihani wangu wa majaribio ni hili: seli inapogawanyika, kuna kimeng'enya, yaani protini ya kufanya kazi za kikemia, kinachofuata nyuma ya nakala mpya ya DNA na kubandika methili palepale ilipokuwa kwenye nakala ya zamani. Ndiyo maana kidonda cha ngozi hupona kwa ngozi, na ini hujazia kwa ini. Kumbukumbu ya kazi inarithishwa kutoka seli hadi seli.

Kwa hiyo DNA yangu inabadilika?

Hapana. Herufi zikibadilika, hayo ni mabadiliko ya jeni yenyewe, na mara nyingi hayarudi. Alama za epijenetiki hukaa juu ya herufi na zinaweza kuwekwa na kuondolewa.

Neno lenyewe lilitoka wapi?

Kwa Mwingereza Conrad Waddington, mwaka 1942. Wakati huo hakuna aliyejua umbo la DNA. Alitaka tu jina la kile kinachotokea kati ya jeni na mwili uliokamilika.

Kuna mahali naweza kuiona kwa macho yangu?

Nenda kwenye bucha ukamwangalie paka. Kwenye bucha ya mtaani kwetu kuna paka jike mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa, mgongo mzima kama shuka la viraka. Jeni ya rangi hiyo ya chungwa iko kwenye kromosomu ya X. Jike ana X mbili, moja ya baba na moja ya mama, na kila seli yake huilaza moja. Akiwa bado tumboni, seli chache tu, kila moja ilichagua kwa bahati ipi ya kulaza, kisha uzao wake wote ukafuata uchaguzi huo. Kila baka unaloliona ni ukoo wa seli uliotokana na seli mama moja. Mwanabaiolojia Mary Lyon ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka 1961. Na ukimwona paka wa mabaka ya aina hiyo, karibu kila mara ni jike, kwa sababu dume ana X moja.

Wewe uliye mwanamke unayesoma hapa, mwili wako una mabaka hayohayo, ila hayaonekani.

Nyuki nao ni shule nzima. Malkia na kibarua wanaweza kuwa na jeni zilezile. Mabuu wote hulishwa maziwa ya nyuki siku za mwanzo, lakini anayeandaliwa kuwa malkia huendelea kulishwa hayo kwa wingi, akakua mkubwa, akataga mayai na kuishi miaka, huku dada yake kibarua akimaliza maisha kwa wiki chache. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walikipunguza kimeng'enya cha kubandika methili ndani ya mabuu wa kawaida. Wengi wao wakakua kuwa malkia.

Mbona mapacha wa yai moja hutofautiana wakizeeka?

Mwaka 2005 watafiti wa Hispania walichunguza jozi 40 za mapacha, wadogo wakiwa na miaka 3 na wakubwa 74. Alama za mapacha wadogo zilikuwa karibu sawa kabisa. Za mapacha wazee, hasa walioishi mbalimbali kwa muda mrefu, zilikuwa zimeachana sana. Sehemu ya tofauti hiyo ni maisha, na sehemu ni bahati tu: vibanio huanguka hapa na pale jinsi seli zinavyonakiliwa.

Kweli kuna jeni zinazojua kama zimetoka kwa baba au kwa mama?

Kweli, na swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu mmoja wa waliolifumbua alizaliwa Kisumu. Anaitwa Azim Surani, amezaliwa 1945, na kazi yake ameifanya Cambridge, Uingereza.

Mwaka 1984 Surani na wenzake walichukua yai la panya lililokwisha kurutubishwa, wakatoa kiini cha upande mmoja, wa mama au wa baba, na kuweka kingine cha upande wa pili. Mayai mengine yakawa na seti mbili za mama, mengine seti mbili za baba. Kwa hesabu ya jeni hakukuwa na upungufu wowote. Hata hivyo hakuna aliyezaliwa. Waliokuwa na seti za mama pekee walianza vizuri kidogo lakini kondo la nyuma likawa hafifu. Waliokuwa na seti za baba pekee walikuwa na kondo zuri lakini kijusi kikadumaa. Mwaka huohuo watafiti wa Philadelphia, Marekani, walifika palepale.

Maana yake ni kwamba yai na mbegu huja na mihuri tofauti. Kwa binadamu, jeni zinazokaribia mia moja zimepigwa muhuri: nyingine husomwa nakala ya baba tu, nyingine ya mama tu. Kipande kimoja cha kromosomu ya 15 kinaonyesha uzito wa jambo hili. Sehemu ya baba ikikosekana, mtoto huzaliwa mlegevu, kisha baadaye hushikwa na njaa isiyotulia. Sehemu ya mama ikikosekana, mtoto hupata kifafa, huchelewa sana kusema, na hucheka mara kwa mara. Pengo liko mahali palepale, lakini magonjwa ni mawili. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda, na hadi leo nikilifundisha nasikia darasa likinyamaza vivyo hivyo.

Nilikula vibaya nikiwa mjamzito. Je, nimemharibu mwanangu?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini. Nitaanza na yanayojulikana.

Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Watu walipewa chakula kisichofika kalori 1,000 kwa siku, na wakati mwingine nusu ya hicho. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mwaka 2008, watafiti waliwapima watu ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa ile na kuwalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja. Kwenye jeni moja inayohusika na ukuaji, methili zilikuwa pungufu. Walioikuta njaa mwishoni mwa ujauzito hawakuwa na tofauti hiyo. Siku za mwanzo kabisa ndizo zilizoacha alama.

Afrika nayo imetoa ushahidi wake. Kijijini Keneba, Gambia, chakula hubadilika sana kati ya kiangazi na masika. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto waliotungwa masika na waliotungwa kiangazi wana methili zinazotofautiana kwenye sehemu kadhaa za DNA, na tofauti hizo zilihusiana na virutubisho vilivyokuwa katika damu ya mama wakati wa kutunga mimba. Inaeleweka: mwili hupata methili zake kwa msaada wa foleti, vitamini B12 na kolini. Foleti iko kwenye sukuma wiki, kunde, managu, terere na maharagwe.

Sasa sikiliza, mama. Kupungua kwa methili kwenye jeni moja si ugonjwa. Hizo ni tofauti za wastani kati ya makundi ya watu, na hakuna daktari anayeweza kumtazama mtoto wako mmoja akasema, "Huyu yuko hivi kwa sababu ulikosa mboga mwezi wa pili." Mzazi mmoja aliwahi kunijia akilia, ametoka kwenye semina alikoambiwa kwamba mwanawe kuwa mzito katika hesabu kumetokana na huzuni yake ya wakati wa ujauzito. Mume alikuwa amemwacha mwezi wa nne na alikuwa akiuza nguo barabarani hadi siku za mwisho. Aliyemwambia vile hakuwa na haki ya kusema hivyo, wala ushahidi. Yule mtoto alihitaji miwani.

Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki (foleti ya kutengenezwa) unavyopewa kliniki vimeze. Faida iliyothibitika zaidi ya foliki ni kumkinga mtoto na ulemavu wa uti wa mgongo, na uti huo hujifunga mapema sana, pengine kabla hujajua una mimba. Ndiyo sababu tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti utiwe foliki na virutubisho vingine.

Je, hii ndiyo laana ya ukoo kwa lugha ya sayansi? Mateso ya babu yanarithiwa?

Naelewa kwa nini watu huunganisha mambo hayo, hasa familia zilizopitia kambi za wakati wa Hali ya Hatari au ghasia za uchaguzi. Lakini ushahidi haujafika huko.

Mwili una kizuizi kikubwa. Siku chache baada ya mimba kutungwa, alama nyingi zilizokuja na yai na mbegu hufutwa, zikaandikwa upya. Seli zitakazokuwa mayai au mbegu za huyo mtoto nazo hufutwa tena. Mihuri ile ya Surani hunusurika kwenye ufutaji wa kwanza, na sehemu chache nyingine. Kwa mimea na minyoo, alama huvuka vizazi vingi. Kwa binadamu, wanasayansi bado wanabishana vikali, na tafiti nyingi zilizotangazwa kwa vishindo zilipima watu wachache.

Pia kuna hesabu ambayo husahaulika. Mwanamke mjamzito wa mtoto wa kike amebeba vizazi vitatu kwa wakati mmoja: yeye, binti yake, na mayai ya binti yake ambayo huumbika angali tumboni. Shosho akilala njaa siku hiyo, mjukuu naye yupo pale tayari. Huko si kurithi, ni kuguswa moja kwa moja.

Halafu kuna malezi. Mjini Montreal, Kanada, mwaka 2004, watafiti walionyesha kwamba panya wachanga waliolambwa sana na mama yao katika wiki ya kwanza walikua watulivu, na methili zilikuwa pungufu kwenye jeni ya ubongo inayosaidia kutuliza hofu. Mtoto wa mama asiyelamba alipohamishiwa kwa mama anayelamba, alifanana na mama mlezi. Panya si watu, lakini kila nikimwona nyanya aliyewalea wajukuu yatima pale mtaani, nakumbuka jaribio hilo.

Nikiacha sigara, alama zinarudi?

Nyingi hurudi polepole kwa miaka, karibu na za mtu asiyevuta. Chache hubaki, kiasi kwamba damu inaweza kuonyesha kuwa mtu aliwahi kuvuta.

Ina uhusiano wowote na magonjwa yetu ya hapa?

Mkubwa, na ningetamani magazeti yaandike haya kuliko habari za kurudisha ujana.

Kimelea cha malaria ndicho fundi mkuu wa vibanio. Kikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu, hutoa protini kwenye ngozi ya chembe ile, ikanata kwenye kuta za mishipa isipelekwe kwenye bandama kuharibiwa. Kinga yako hujifunza kuitambua protini hiyo. Lakini kimelea kina jeni kama 60 za protini za namna hiyo, husoma moja tu kwa wakati na nyingine zote kimezibana kwa histoni zilizokazwa. Kinga ikikaribia, baadhi ya vimelea hubana ukurasa ule na kufungua mwingine. Hiyo ni sababu mojawapo ya mtoto kuugua malaria tena na tena. Watafiti wa Kilifi wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi.

Virusi vya Ukimwi navyo hujichomeka ndani ya DNA ya seli za kinga. Katika baadhi ya seli hizo, virusi hulazwa, kwa sehemu na vibanio vilevile vya mwili wetu. ARV huzuia virusi vinavyozaana, lakini vilivyolala havionekani. Mtu akiacha dawa, huamka, mara nyingi ndani ya wiki chache. Watafiti wamejaribu dawa za kuviamsha makusudi ili viuawe. Vimeamka, ila akiba ya virusi vilivyolala haijapungua vya kutosha. Kwa hiyo anayekuambia umepona kwa sababu kipimo hakioni virusi, usimsikilize. Meza dawa.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell) ambao huwapata wengi Magharibi, Nyanza na Pwani, ina tumaini la aina yake. Mtoto tumboni hutumia himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya kichanga. Baada ya kuzaliwa jeni yake hulazwa na ya watu wazima huchukua kazi. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu kwa kawaida haanzi kuumwa miezi ya kwanza: ile ya kichanga bado inamkinga. Dawa ya hidroksiyurea huongeza himoglobini hiyo. Jaribio lililofanyika katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo, na kutangazwa mwaka 2019, lilionyesha maumivu, malaria na vifo vikipungua kwa watoto walioitumia. Na tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 hufanya kazi kwa kumwondoa mlinzi anayeilaza jeni ile. Bei yake haigusiki hapa kwetu, na hilo linaniuma.

Katika saratani, jeni za kuzuia uvimbe mara nyingi hukutwa zimebanwa kwa methili. Azasitidini, dawa ya kuondoa methili, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ugonjwa mmoja wa uboho.

Kuna dawa ya unga inauzwa mjini "kusafisha jeni". Ninunue?

Usinunue. Methili ikiondolewa ovyo mwili mzima, jeni zinazopaswa kulala zitaamka. Hata azasitidini hutolewa hospitalini kwa uangalifu kwa sababu ina madhara. Unga usioweza kusema unagusa jeni gani, kwenye seli gani, haujui unachofanya. Pesa hiyo nunua mboga.

Na kipimo cha "umri halisi wa mwili"?

Msingi wake ni wa kweli. Mwaka 2013 Steve Horvath wa California alionyesha kwamba methili za sehemu 353 za DNA zinakadiria umri wa mtu kwa ukaribu wa miaka michache. Ni chombo kizuri cha utafiti. Kwa mtu mmoja, namba itakayotoka haitakuambia ule nini kesho.

Epijenetiki inaweza kuharibu kipimo cha kujua baba wa mtoto?

Hapana. Kipimo hicho husoma herufi, hakisomi vibanio.

Binti yangu yuko kidato cha tatu na ameipenda. Aanzie wapi?

Aanze na mgawanyiko wa seli, aushike barabara, kwa sababu epijenetiki yote husimama juu yake. Kemia asiiache, hasa ile ya kaboni. Akifika chuo kikuu, biokemia na baiolojia ya molekuli ndizo njia, na hapa Nairobi kuna maabara za kufanyia kazi hiyo, kwa binadamu na kwa mifugo pia. Kwa sasa mpe uzi wa mita mbili na shanga kumi. Aufunge uzi ule wote kwenye shanga, kisha ajaribu kuufikia uzi wa shanga ya saba bila kuzivuruga zile nyingine. Wangu wa kidato cha nne huchukua kipindi kizima.